Chakula cha Mchana kwa Mokeira

Mama yetu, Bosibori, alizikwa mwezi wa nane, upande wa chini wa nyumba, karibu na migomba aliyoipanda mwenyewe. Watu walisema mengi mazuri juu yake siku ile. Walisema alikuwa kiongozi wa Dorkasi, chama cha akina mama kanisani, hakukosa Sabato hata mvua inyeshe namna gani, na alitulea mimi na dada yangu akiwa mjane, kwa majani chai na ndizi tu. Yote ni kweli. Lakini mimi Lorna, binti yake wa mwisho, niliyekaa naye mpaka pumzi ya mwisho, nataka kuandika jambo ambalo watu wengi wanalijua nusunusu. Nataka kuandika juu ya siku aliyopanda treni akaenda Mombasa kula chakula cha mchana, kisha akarudi.

Najua mtu akisikia hivyo atacheka. Kwetu ni juu kidogo ya Masimba, kwenye mteremko wa majani chai, na ukitaka kwenda Mombasa unavuka karibu Kenya nzima. Nani huvuka Kenya nzima kwa sababu ya sahani moja ya ugali? Ili uelewe, lazima kwanza nikueleze jinsi tunavyoishi na wakwe.

Kwetu Kisii kuna heshima tunayoiita chinsoni. Ni aibu njema inayokaa kati ya watu waliooleana. Mama mkwe hampi mkono mume wa binti yake. Hawaketi wakitazamana karibu karibu, wala hawali meza moja. Mama halali chini ya paa la mkwe wake, hata kama ni mgonjwa, hata kama nje kunanyesha mawe. Na kabla ng'ombe wa mahari hawajaisha, mama hata maji hanywi katika nyumba ya binti yake. Siku hizi wako wanaosema mambo haya yamepitwa na wakati. Mama alikuwa akiwasikiliza, halafu anafanya vile alivyofundishwa na mama yake.

Dada yangu Mokeira aliolewa na Odoyo, Mjaluo wa kule ziwani, fundi wa malori. Walikutana Kisii mjini, wakahamia Mombasa, wakapanga nyumba Changamwe karibu na kazi ya Odoyo. Odoyo alianza kuleta mahari vizuri, kisha kazi ikaharibika, watoto wakazaliwa, miaka ikapita. Hakuna aliyemgombeza. Kila Desemba Mokeira alikuja na watoto, akaingia jikoni, akapika. Mama alikula, lakini hakuhesabu hicho kuwa chakula cha Mokeira.

"Hapa anapikia kwenye jiko langu," alikuwa akiniambia. "Mtoto wa kike hajakupikia mpaka akupikie kwake."

Ng'ombe wa mwisho walifika Desemba iliyopita. Tulifurahi, tuliimba, mchungaji aliomba. Na mwezi uliofuata Mama akaanza kushika kifua kila akimeza. Tulidhani ni vidonda vya tumbo. Hospitalini walimwingiza kamera kooni, wakatuambia ni saratani, na kwamba imeshika njia ya chakula. Walimwekea mrija wa waya ili njia isizibe. Daktari, kijana mpole, alimweleza kwa Kigusii bila kuficha. Mrija ungemsaidia kwa muda, lakini ale vitu laini, kidogo kidogo, na ajue kwamba siku moja hata huo hautasaidia.

Mama aliuliza swali moja tu. "Ugali wa wimbi ni laini?"

"Ukiwa laini sana na ukitafuna sana, Mama, unaweza kujaribu."

Tulipanda gari kurudi nyumbani, tukashuka Masimba. Hapo akasema, "Lorna, mpigie dada yako simu. Mwambie nakuja kula."

Jambo lilikuwa hilo. Aende akale mezani kwa binti yake angali na koo la kumeza, na arudi bila kulala kwa mkwe. Tangu siku ile sikumwona akitaka kitu kingine.

Baba Mdogo Nyamongo, ndugu yake marehemu Baba, alipopata habari alikuja jioni hiyo hiyo na kofia mkononi, kama mtu aliyekuja kwenye msiba.

"Mama Mokeira," alisema, "huko ni mbali. Ukishindwa njiani nani atakuleta?"

"Utanileta wewe. Una mabega mapana na huna kazi."

"Sifanyi mzaha."

"Hata mimi. Mabega yako ni mapana kweli."

Nyamongo alivuta pumzi. "Haya. Kama ni lazima uende, basi kaa huko hata wiki moja upumzike. Siku hizi watu wanalala kwa wakwe tu. Mimi mwenyewe nililala kwa mkwe wangu kule Nakuru."

"Ndiyo, na ulikoroma mpaka majirani wakagonga ukuta. Binti yako alitusimulia."

Nilikimbilia jikoni ili nisicheke mbele ya Baba Mdogo. Nikiwa huko nilimsikia Mama akibadilisha sauti. "Nyamongo, nimengoja wale ng'ombe miaka yote hii bila kumsukuma kijana wa watu. Sitaimaliza heshima hiyo kwa kwenda kujinyoosha kwenye kitanda chake. Nitaenda, nitakula, nitarudi. Mungu akitaka nife, atanikuta upande wangu."

Nyamongo alivaa kofia yake akaondoka. Asubuhi yake alituletea unga wa wimbi aliousagisha mwenyewe, akauweka mlangoni, akaenda zake.

Tulichagua katikati ya wiki ili Sabato isitukute njiani. Basi lilitupeleka Nairobi, tukalala kwa Esnah, binti wa mama mkubwa. Odoyo naye alikuwa amepanda kutoka Mombasa ili atusindikize, maana alisema hawezi kumwacha mama mkwe mgonjwa asafiri na mimi peke yangu. Alilala kwa rafiki yake, tukakutana kwenye kituo cha treni Syokimau. Alisimama mbali, akatusalimu kwa kuinamisha kichwa, akabeba mizigo yote.

Pale kituoni mizigo hupangwa chini kwa mstari, na mbwa wa polisi anapita akinusa. Mbwa alipita masanduku ya watu bila kujali. Alipofika kwenye kibuyu chetu cha maziwa lala alisimama, akanusa, akanusa tena, akaketi.

"Nani mwenye hii?" askari aliuliza.

"Ni yangu," Mama alijibu kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Hiyo mbwa iko na njaa. Ni maziwa ya binti yangu."

Askari alifungua kibuyu, akanusa naye, akarudisha uso nyuma haraka. Watu wakacheka. Tukaruhusiwa.

Taabu yenyewe ilitungoja ndani ya behewa. Odoyo alikuwa amekata tiketi zetu tatu pamoja kwa simu, na mashine ikatupangia viti yenyewe. Mimi na Mama tulikuwa upande mmoja, Mama dirishani. Kiti cha Odoyo kilikuwa mbele yake kabisa, viti vikitazamana, na kati ya viti vile nafasi ni ndogo sana. Watu wawili wazima wakiketi hapo, magoti yanagusana.

Mama alikitazama kile kiti. Odoyo naye alikitazama. Hakuna aliyeketi.

"Odoyo," Mama akasema akiangalia dirisha, "hii kiti iko na shida."

"Viti ni vizuri, Mama."

"Kiti iko sawa. Shida ni magoti."

Odoyo aliweka mizigo chini polepole. Hata kwao mama mkwe ana heshima yake, na aliona jambo lilivyo. Jasho likaanza kumtoka. "Mama, nisamehe. Ni mashine ilitupanga."

"Mashine haijaoza binti," Mama akasema.

Nyuma yetu njia ilikuwa imeziba, watu na mabegi yao wakisukumana. Mhudumu wa behewa alikuja na sare yake nadhifu. "Jamani, kila mtu akae kwenye nambari yake. Treni inaondoka. Mama, tafadhali keti."

"Nitasimama," Mama akasema.

"Mpaka Mombasa?"

"Kwani Mombasa ni mbinguni?"

Alikuwa ameegemea mgongo wa kiti kwa uzito wake wote. Hakuwa na nguvu za kusimama hata mpaka treni itoke Syokimau, sembuse Mombasa. Nilitaka kukaa mimi mbele yake, lakini basi Odoyo angeketi ubavuni kwake, bega kwa bega, na hiyo ingekuwa mbaya zaidi. Odoyo akasema yeye atasimama mlangoni. Mhudumu akasema hairuhusiwi. Nikaanza kuomba kimoyomoyo. Niliona safari inaishia hapo, kabla gurudumu halijazunguka.

Ndipo mwanamke mmoja wa Pwani, mnene, amevaa buibui, aliyekuwa ameketi safu ya nyuma kabisa, akapaza sauti. "Huyo kijana ni nani kwa huyo bibi?"

"Ni mkwe," nikasema.

"Aa! Si mseme! Njoo baba, njoo ukae huku kwangu, mie nihamie hapo na bibi. Wewe mhudumu, tuache, mambo ya wakwe hayamo kwenye tiketi yako."

Mhudumu alituangalia, akatabasamu, akapita. Odoyo alikwenda nyuma kabisa, akakaa. Ninaamini hakuna mtu aliyefurahia kiti kama yeye siku ile. Mama naye alishuka kitini kama mtu anayetua gunia.

Yule mwanamke alimsimulia Mama njia nzima. "Kwetu," alisema, "mkwe akija anakupa mkono, tena anaubusu."

Mama aliingiza mikono yake yote miwili ndani ya leso. "Mnabusiwa na wakwe?"

"Mkono tu, bibi! Mkono tu!"

"Inaanza na mkono," Mama akasema, na yule mwanamke akacheka mpaka akafuta macho kwa ncha ya mtandio.

Nje nchi ilibadilika. Milima iliisha, ikaja ardhi nyekundu na miiba. Tulipita ndovu, wekundu kwa vumbi, wamesimama karibu na reli. Abiria walitoa simu. Mama aliwatazama kidogo, kisha akarudi kwenye jambo lililokuwa likimsumbua tangu Emali.

"Tangu saa ile sijaona hata mgomba mmoja. Watu wa hapa wanakula nini?"

"Wana mbuzi," nikasema.

"Na mbuzi wanakula nini?"

"Miiba."

"Maskini," akasema, na alimaanisha wote, watu na mbuzi.

Mhudumu alipita na kigari cha vyakula. Yule mwanamke alimkaribisha Mama keki, chai, hata kipande cha mkate laini. Mama alikataa vyote kwa adabu. Nilimmiminia uji kutoka kwenye chupa yetu, akaonja kijiko kimoja akanirudishia kikombe.

"Mama, unahitaji nguvu."

"Leo koo lina nafasi ya chakula kimoja. Usinijazie njia."

Tulifika Mombasa mchana. Joto lilitupokea mlangoni. Odoyo alipata teksi, akaketi mbele na dereva, sisi nyuma. Alipotaka kumwambia Mama jambo alizungumza na kioo cha mbele.

"Mama, bahari iko karibu. Tupitie uione kwanza? Watu wakija hapa hicho ndicho kitu cha kwanza."

"Bahari haihami," Mama akajibu. "Ugali unapoa."

Dereva aligeuka kumwangalia, akakanyaga mafuta.

Mokeira anakaa ghorofa ya pili. Odoyo alibaki chini na mizigo. Mama alipanda zile ngazi akiwa ameshika ukuta, mimi nikiwa nyuma yake nimenyoosha mikono. Alipumzika kila baada ya hatua chache. Mokeira alikuwa amesimama mlangoni juu, amevaa gauni lake la kanisani.

"Karibu, Mama."

Mama hakuingia mara moja. Alisimama kizingitini, akafunga macho, akaomba kwa Kigusii. Alimshukuru Mungu aliyemfikisha, akawataja wajukuu kwa majina, akamtaja Odoyo, akamtaja na Baba, aliyelala bila kupata siku kama hii. Kisha akavua viatu akaingia.

Nyumba ilikuwa safi, sakafu bado ina unyevu wa kupigwa deki. Mama aligusa kila kitu: kochi, pazia, kabati la vyombo. Alifungua friji akaangalia ndani, akaifunga. Aliketi mezani. Mokeira alileta maji ya kunawa, halafu akaleta bakuli lililofunikwa, akalifunua. Ulikuwa uji.

"Nimeutengeneza laini sana, Mama. Daktari alisema..."

"Mokeira." Mama hakupandisha sauti. "Nimepita nchi nzima ya miiba ili ninywe uji?"

"Mama, naogopa."

"Mimi pia naogopa. Lete chakula."

Mokeira aliniangalia, mimi nikaangalia chini. Akaenda jikoni. Alirudi na ugali wa wimbi ukitoa moshi, na chinsaga, zile mboga chungu za kwetu, alizozitafuta soko la Kongowea na kuzichemsha na maziwa tangu juzi mpaka uchungu ukaisha. Aliweka sahani mbele ya Mama, akarudi nyuma akasimama kando ya ukuta kama msichana anayengoja matokeo ya mtihani.

Mama alikata tonge dogo, kama ukucha. Akalichovya kwenye mboga. Akatafuna. Alitafuna kwa muda mrefu sana, nami nilikuwa natafuna pamoja naye bila kitu mdomoni. Akameza.

Lilikwama. Niliona shingo yake ikikaza, macho yakijaa maji. Mokeira alipiga hatua, Mama akainua kiganja kumzuia. Akachukua maji, funda moja, akangoja. Akachukua funda la pili. Nilikuwa nimeshika meza na kusema, Bwana, tonge moja tu, Bwana. Gari lilipiga honi barabarani. Halafu mabega ya Mama yakashuka.

"Limepita," akasema.

Alikata tonge la pili, akachovya, akatafuna, akameza. Akalamba kidole. Akamtazama Mokeira kwa mara ya kwanza tangu aketi.

"Umezidisha chumvi."

Mokeira alicheka na kulia kwa wakati mmoja, akajifunika uso na leso. Kutoka chini kwenye ngazi ikaja sauti ya Odoyo, aliyekuwa akila chakula chake huko na sahani mapajani. "Amekula?"

"Amekula!" nikapiga kelele.

Binamu wa Odoyo, Apondi, anayekaa mlango wa pili, alipiga vigelegele, na watu wa ghorofa ya kwanza wakatoka kuuliza ni harusi ya nani. Mama aliendelea kula kama hasikii. Alikula polepole, matonge madogo madogo, akishushia maji, mpaka sahani ikawa tupu. Kisha akaisukuma mbele kidogo kwa vidole viwili.

"Niongeze kidogo," akasema.

Sijui kama mnaelewa. Mwanamke ambaye kwa wiki nyingi nilikuwa nampa uji kwa kijiko, aliomba aongezewe.

Baada ya kula nguvu zilimwisha ghafla. Rangi ya uso ilibadilika na kichwa kikaanza kuinama. Mokeira alimshika. "Mama, njoo ulale kitandani hata saa moja."

"Kitanda cha nani?"

"Mama, tafadhali. Treni ni ya usiku."

"Nimeuliza cha nani."

Mokeira alianza kulia tena, sasa si kwa furaha. Apondi akaja mlangoni. "Basi aje kwangu, kitanda changu ni kipana."

Mama alifungua jicho moja. "Huyu ni nani kwa Odoyo?"

"Binamu."

"Basi na yeye ni mkwe."

"Mimi, mama? Mimi ni mwanamke!"

"Wewe ni mkwe aliyevaa gauni," Mama akasema, na kichwa kikainama tena.

Tulisimama pale bila kujua la kufanya. Kumlaza kwenye kochi la Odoyo ni kulala kwa Odoyo. Kumpeleka kituoni vile alivyo ni kumuua. Mokeira alisema sasa lazima tumlazimishe, kwamba Mungu haangalii vitanda. Mimi nilijua kwamba tukimlaza hapo akiwa hajiwezi, ataamka amevunjika moyo, na chakula chote kile kitakuwa kimeharibika.

Odoyo ndiye aliyepata njia. Alikuwa amesikia yote kutoka kwenye ngazi. Alishuka mbio, akagonga nyumba ya chini kabisa, anakokaa Jacinta, Mtaita anayeuza mahamri asubuhi. Alirudi naye akiwa bado na unga mikononi.

"Nimeambiwa kuna mgonjwa anayeogopa wakwe," Jacinta akasema.

"Wewe ni nani kwa Odoyo?" Mama akauliza kwa sauti ndogo.

"Ananunua mahamri kwangu na anachelewa kulipa. Huo ndio undugu wetu."

"Una mkwe?"

"Walikuwepo wawili, wote wamenikimbia."

Mama alitabasamu. "Nipelekeni kwa huyu."

Tulimshusha ngazi zote zile, mimi upande mmoja na Mokeira upande wa pili. Jacinta alitandika godoro karibu na mlango ambapo upepo unapita. Mama alilala usingizi mzito mpaka jua likapungua. Mokeira aliketi sakafuni miguuni pake muda wote, akimfukuzia nzi, wakati Odoyo akitembea huku na huko uani. Mama alipoamka, macho yake yalikuwa safi. Alitafuta viatu vyake mwenyewe.

"Nimelala Mombasa," akasema, "na sikulala kwa mkwe. Twendeni."

Kituoni, kabla hatujaingia, Mama alimwita Odoyo. Alikuja akasimama kando, mikono nyuma, akiangalia ardhi. Mama naye aliangalia pembeni. Ukiwaona ungedhani wamegombana.

"Odoyo, ng'ombe wako nimewala leo."

"Asante, Mama."

"Mtu mwingine angegombana na mimi juu ya viti na vitanda. Wewe umekula kwenye ngazi. Mungu akukumbuke."

Odoyo aliinama sana, akageuka, akajifanya anatafuta kitu kwenye mfuko wa shati.

Safari ya kurudi sina mengi ya kusema, tulilala. Tulipofika kwetu Mama alikaa kitandani siku mbili, na mimi nilikuwa na hofu. Siku ya tatu alijifunga leso akasema twende kituo cha kupimia majani chai. Hakuwa na majani ya kupeleka. Alitaka watu.

Wanawake walikuwa wameketi na vikapu vyao wakingoja lori. Nyanchera, rafiki yake wa Dorkasi, alimsogezea nafasi. "Mama Mokeira, ulikuwa wapi? Tulipita na mchungaji kukuombea, tukakuletea na kuku, tukakuta mlango umefungwa."

"Nilienda Mombasa."

"Mombasa! Kufanya nini?"

"Kula chakula cha mchana kwa binti yangu."

"Na?"

"Nikarudi."

Vikapu vilisogezwa karibu. "Hukulala?" "Bahari uliiona?" "Ulikula nini?" Alijibu moja baada ya jingine, mgongo umenyooka, mikono ikionyesha ukubwa wa ndovu na udogo wa nafasi ya magoti. Bahari, alisema, aliiona kidogo ikipita kwenye dirisha la teksi, ni maji mengi. Lakini habari ya tonge la kwanza aliisimulia mara mbili, na mara ya pili hata karani wa mizani aliacha kupima akasikiliza.

Mrija haukumsaidia muda mrefu baada ya hapo. Bwana alimchukua mwezi wa nane, asubuhi, mimi na Mokeira tukiwa tumemshika. Ninamlilia kila siku, sitaficha. Lakini ninajua yuko mikononi mwa Yesu akingoja parapanda, na ninajua alikwenda akiwa ameshiba.

Nyanchera ana binti aliyeolewa Eldoret. Mkwe amemaliza ng'ombe miaka mitatu sasa, na Nyanchera alikuwa hajawahi kwenda, akisema magoti yanamuuma na safari ni ndefu. Wiki iliyopita alikwenda. Aliondoka alfajiri akarudi giza likiingia, na kabla ya kufika kwake alipitia kwetu. Nilimpikia chai. Aliketi, akavua viatu, akanisimulia chakula chote alichopikiwa, kuanzia mwanzo, na mimi nikakisikiliza chote.